TRENI NAYO HUZUNGUMZA

Mimi huvuka reli kila asubuhi nikija shuleni. Nilidhani dereva wa treni husafiri kimya kama bubu, honi tu ndiyo sauti yake. Kumbe sivyo!

Mjomba wangu anaishi Chicago, Marekani. Ana skana, yaani redio ndogo inayorukaruka kutoka wimbi hadi wimbi na kusimama palipo na mtu anayezungumza. Haisemi, inasikiliza tu. Treni za abiria huko huzungumza kati ya megahezi 160 na 162. Alinieleza anayoyasikia.

Kwanza, mwelekezi wa treni aliye ofisini mbali humpa dereva amri kwa redio. Ni lazima irudiwe neno kwa neno. Nambari moja ikikosewa, husahihishwa ikarudiwa tena. Pili, kando ya reli kuna mashine zinazopima joto la magurudumu. Treni ikishapita, mashine yenyewe hutangaza, "Hakuna kasoro," ikataja na idadi ya ekseli. Nilicheka sana, ati mashine inaongea!

Lakini huu si mchezo. Mwaka wa 2008, huko Chatsworth, California, dereva aliyekuwa akiandikiana ujumbe kwa simu alipita taa nyekundu, akagongana na treni ya mizigo. Watu 25 walifariki.

Wenzangu, mwalimu akituambia turudie alichosema, sisi hununa. Mimi nimeacha. Chambilecho wahenga, sikio la kufa halisikii dawa.