Mchina wa Reli na Mchina wa Duka

Ukishuka basi Makambako ukamkuta mtu wa sura ya Asia ya Mashariki amesimama penye kivuli cha kituo cha mafuta, neno linalokutoka ni moja: Mchina. Huna habari kama hati yake ya kusafiria ni ya Beijing, ya Malaysia au ya Singapore. Kiswahili chetu kimelibebesha neno hilo asili, uraia, lugha na hata ubora wa simu.

Ajabu ni kwamba tofauti ya asili na uraia tunaijua vizuri inapotuhusu sisi. Mnyakyusa wa Kyela ana ndugu zake Wangonde ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Karonga. Wanasikilizana bila mkalimani, na misiba inavuka mpaka. Lakini huyu ni Mtanzania, yule ni Mmalawi, wala hakuna anayeumwa kichwa kwa hilo. Kabila ni jambo moja, uraia ni jambo jingine.

Wachina nao wana maneno mawili. *Huaqiao* ni raia wa China aliyeweka makazi nchi za nje. Ile *qiao* maana yake ni kukaa ugenini. *Huaren* ni mtu yeyote mwenye asili ya China, awe raia wa nchi yoyote. Mgawanyo huu una historia. Sheria ya uraia ya mwaka 1909, China ikiwa bado chini ya mfalme, ilimhesabu mtoto wa baba Mchina kuwa raia wa China hata kama amezaliwa upande wa pili wa dunia. Nchi changa za Asia ya Kusini-Mashariki zikaanza kuwatilia shaka mamilioni ya wakazi wenye asili ya China: hawa ni wa nani? Mwaka 1955, wakati wa mkutano wa nchi za Asia na Afrika mjini Bandung, Waziri Mkuu wa China Zhou Enlai alitia saini mkataba na Indonesia kwamba mwenye uraia wa nchi zote mbili achague mmoja. Sheria ya China ya mwaka 1980 ikafunga kabisa mlango wa uraia pacha.

Sasa twende kwenye reli waliyoijenga Wachina. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa Julai 1976. Makumi ya maelfu ya Wachina walipita katika kazi hiyo, na kipande kilichowatoa jasho zaidi ni hiki chetu, kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako, ambako treni inaingia handaki moja na kutokea jingine. Walilala kambini, wakalima mboga zao wenyewe, mkataba ulipokwisha wakarudi kwao. Wake na watoto hawakuja nao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikuja na jembe lao na wakaondoka nalo.

Ndiyo maana wingi ule wote haukuacha jamii ya Wachina Mbeya wala Iringa. Walinganishe na wahamiaji wa Kibaluchi wa Rujewa, wachache mno, lakini walikaa, wakalima mpunga wa kumwagilia bondeni Usangu, wakazaa na kuzika hapohapo. Mimi naona jamii ya ugenini huanza pale mtu anapofungua duka na kumpeleka mtoto shule.

Tuchukue mtoto wa kufikirika, amezaliwa Mbeya, mama Msafwa raia wa Tanzania, baba raia wa China. Kama baba ni fundi wa mkandarasi wa barabara, yupo kwa mkataba tu, sheria ya China inamhesabu mtoto kuwa raia wake. Kama baba ana duka Mwanjelwa na ameshahesabiwa kuwa mkaazi wa kudumu huku, mtoto aliyepata uraia wa Tanzania siku ya kuzaliwa hana tena ule wa China. Damu ileile, pua ileile. Kinachoamua ni duka.

Yule mtoto wa fundi ana uraia wa nchi mbili, na sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 inamtaka akifika miaka 18 aukane mmoja. Baba mwenye duka naye akitaka kuwa Mtanzania, ndoa haimsaidii: sheria hiyo imemwekea njia mke mgeni wa mwanamume Mtanzania, ikamsahau mume mgeni. Itambidi aombe tajnisi kama mgeni mwingine yeyote, atimize miaka ya ukaazi, athibitishe kwamba anajua Kiswahili au Kiingereza. Siku akikubaliwa, uraia wa China unakatika wenyewe, bila hata kuandika barua ya kuaga.

Kuanzia hapo yeye si *huaqiao* tena, ni *huaren* tu, Mtanzania kwa karatasi za nchi zote mbili. Asubuhi atafungua duka, na mteja wa kwanza atasema anakwenda kununua betri kwa Mchina.