Kuuza injini ya rota iliyotumika: ila iliyofichwa na mali ya mayatima

 

Tumeletewa suala na familia moja ya Unguja. Baba yao alikuwa na biashara Same, mkoani Kilimanjaro, na huko ndiko alikofikwa na ajali yake. Katika alivyoacha limo gari aina ya Mazda RX-8. Bodi limebondeka, lakini injini inawaka, na kijana wa Pemba anaitaka injini peke yake. Fundi amewashauri wamwashie ikiwa baridi, wampigie video, waizime upesi, na wasitaje kwamba gari lilichemsha pale Hedaru miezi michache kabla. Kaka mkubwa anauliza: wamo wadogo wawili ambao hawajabaleghe, na kila shilingi inayopungua inapungua kwao. Je, hana ruhusa ya kunyamaza?

Jawabu: hana. Lakini wanavyuoni wametufundisha kuwa huwezi kukihukumu kitu usichokifahamu, kwa hiyo tulianza kwa kuwauliza wenye kazi yao injini hii ni kitu gani.

Injini tulizozizoea zina pistoni zinazopanda na kushuka. Hii, iliyotokana na kazi ya Mjerumani Felix Wankel na ambayo Mazda walianza kuiuza katika magari yao mwaka 1967, haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka ndani ya chemba. RX-8 ilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, na injini yake ni ya cc 1308. Kwenye ncha za rota kuna vipande vyembamba, sili, vinavyozuia hewa na moto visivuje. Sili zikilika, kompresheni hushuka. Na hapa ndipo penye siri: injini ya namna hii ikichoka, mara nyingi huwaka vyema asubuhi ikiwa baridi, kisha ikipata moto na kuzimwa, hugoma kuwaka tena. Basi video ya injini baridi haimwonyeshi mnunuzi kitu alichokuwa akikihitaji. Inamwonyesha kinyume chake.

Mtume (S.A.W.) alikataza mnyama kuachwa siku kadhaa bila kukamuliwa ili mnunuzi aone kiwele kimejaa adhani ni wa maziwa mengi. Mafakihi huliita jambo hili tasriya, na mnunuzi aliyedanganywa hivyo ana khiyari ya kumrudisha. Hatuoni tofauti baina ya kiwele kile na video hii. Ama kule kuchemsha, ni ila inayojulikana na muuzaji, na Hadithi iko wazi kuwa si halali kwa Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye ila bila ya kumbainishia. Joto kali huharibu mipira inayozuia maji yasiingie ndani ya chemba za injini hii, na kijana wa Pemba angeligundua hilo baada ya kulipa nauli ya lori, meli na fundi.

Wengine husema: tutamwandikia "nauza kama ilivyo", yaishe. Haiishi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, sharti la kujitoa katika ila lina nafasi finyu sana: ila ya ndani ya mnyama, ambayo muuzaji mwenyewe haijui. Injini si mnyama, na ila hii inajulikana. Imam Malik amepokea kisa cha Abdullah bin Umar, aliyeuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kama hilo, mnunuzi akadai kuna maradhi. Sayyidna Uthman akamtaka Ibn Umar aape kuwa hakuyajua. Akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake. Baadaye alipona, akamuuza kwa dirhamu 1500.

Na mayatima je? Kwanza, kaka si msimamizi wa mali ya wadogo zake kwa ukaka tu. Ikiwa baba hakumuusia, na babu hayupo, aende kwa Kadhi apewe usimamizi kabla hajauza hata plagi moja. Pili, msimamizi anatakiwa kuwatafutia maslahi, na bei ya udanganyifu si maslahi: mnunuzi akiirudisha injini kwa ila, fedha zitadaiwa, na huenda zimeshaliwa.

Lakini ukweli nao una fungu la mayatima, na hili fundi hakulitaja. Wapimeni kompresheni kwa kipimo cha injini za rota, si cha pistoni, injini ikiwa ya moto. Kipimo hicho hutoa namba sita, tatu kwa kila rota. Kiwango cha chini cha kiwandani ni kilo 6.9 kwa sentimita ya mraba, starta ikizungusha mara 250 kwa dakika. Same iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na namba zitasomeka pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko zitakavyosomeka Pemba. Gereji ikiwa juu milimani Upareni, zitapungua zaidi. Andikeni namba zote sita, kasi ya starta, na mahali mlipopimia. Mkinyamaza juu ya mwinuko, mtakuwa mmewapunja mayatima wenyewe.

Kisha mwache izimwe, ipumzike dakika chache, iwashwe tena ikiwa ya moto, na hiyo ndiyo video ya kumpelekea. Mwambieni pia kwamba injini hii hula oili kwa maumbile yake. Si ila, bali aliyezoea pistoni ataidhania ila.

Kuiosha injini hakuna ubaya. Kupaka rangi juu ya ufa ni ghushi. Mwageni maji na oili kabla ya kusafirisha, zibeni matundu, fungeni nyaya kwa alama, na nambari ya injini ilingane na ya kwenye kadi ya gari. Oili chafu isimwagwe karibu na mifereji. Wapare wamechimba mifereji na ndiva zao kwa jasho, na maji yale yanamwagilia mashamba ya watu.

Limebaki moja. Kauli yenye nguvu kwetu ni kuwa kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakiuzwi, na video haitoshi kukiona. Kijana wa Pemba na aende Same, au amwakilishe mtu anayezijua injini hizi, na mkataba ufungwe baada ya hapo. Ikiwa ile video ya kwanza imeshampelekewa, apigiwe simu leo.

Wallahu aalam.