Onyo la Kimbunga Lazima Lifike Dikoni

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ndiyo iliyoshika uongozi wa zao la karafuu. Zama hizo hapakuwa na redio wala setilaiti; watu walitahadharishwa na upepo wenyewe.

Pwani yetu haipigwi na vimbunga mara kwa mara. Kimbunga hupata nguvu kwa joto la bahari, hasa maji yanapozidi nyuzi 26 za Selsiasi. Hata hivyo, bila mzunguko wa dunia kuupinda upepo, hakiumbiki, na mpindo huo ni hafifu sana karibu na ikweta. Ndiyo maana Msumbiji na Madagaska huumia zaidi. Lakini nadra si kinga: Lindi ilipigwa Aprili 1952, na mapema Mei 2024 kikaja Hidaya.

Safari hiyo habari ilitangulia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa taarifa mfululizo, na boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitisha safari. Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika Mafia, kisha kikapungua nguvu.

Taarifa za TMA huwa na ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Hupita redioni, kwenye runinga na kwenye simu. Lakini mvuvi aliye dago, simu yake imeisha chaji, atazipataje?

Bangladesh ilijibu swali hilo baada ya msiba. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Mwaka 1972 ukaanzishwa mpango wa wanakijiji wa kujitolea. Hatari ikikaribia hupandisha bendera moja, mbili, kisha tatu, hupita na vipaza sauti, hubisha hodi nyumba kwa nyumba na kuwasindikiza wazee hadi kwenye majengo ya hifadhi. Kimbunga Amphan kilipokuja mwaka 2020, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa; waliokufa nchini humo walikuwa makumi, si maelfu.

Bendera haiishi chaji, na kipaza sauti humfikia hata asiye na simu. Kila diko la pwani yetu liwe navyo, pamoja na watu waliofunzwa na kujulikana kwa majina. Nawe unayeishi ufukweni, ukisikia tahadhari, usiende baharini, na umwambie jirani kabla hujafunga mlango wako.