Kiapo cha Meza ya Mviringo na Namna Kilivyokua

Watu wengi wasikiao habari za Mfalme Arthur na mashujaa wake wa Meza ya Mviringo hudhani ya kuwa mashujaa hao walikuwa tangu mwanzo watu wa murua, wenye kuwahifadhi wanawake, kuwarehemu walioshindwa na kuichukia hiana, kana kwamba sharia yao iliteremka siku moja ikiwa kamili, bighairi ya kupunguzwa wala kuongezwa. Mambo hayakuwa hivyo. Sharia hiyo ilitungwa na waandishi wengi wa Uingereza na Ufaransa katika muda wa miaka zaidi ya 800, na msomaji akiifuata kwa taratibu, zama baada ya zama, ataona lile ambalo kwangu ndilo linaloipa uzito: karibu kila agizo lake lilizaliwa na kosa, na kosa hilo aghalabu lilitendwa na mmojawapo wa mashujaa wenyewe.

Geoffrey wa Monmouth, aliyeandika kwa Kilatini karibu na mwaka 1136, alimsifu Arthur kwa ushindi na ukarimu, walakini hakuijua Meza ya Mviringo. Katika baraza alilolieleza yeye, mwanamke mtukufu hakumkubalia mwanamume penzi lake mpaka awe amejipambanua vitani mara tatu. Ushujaa ndio uliokuwa wema wote, na wema mwingine haukuulizwa sana. Meza yenyewe ilitajwa kwanza na Wace mwaka 1155, katika utenzi wake wa Kifaransa, na sababu aliyoitoa ilihusu viti vya kukalia kuliko dhamiri: masharifu wa Arthur kila mmoja alijiona bora kuliko mwenziwe, basi mfalme akafanyiza meza isiyo na upande wa juu wala wa chini ili asipatikane wa kutangulia. Layamon, kasisi wa Kiingereza aliyemfuata, aliongeza ugomvi wa karamuni uliomwaga damu, kisha seremala ambaye Arthur alimkuta Cornwall akaahidi kuunda meza ya kukalisha watu 1,600 na zaidi. Kwa hiyo hata usawa, ambao leo tunauhesabu kuwa roho ya jambo lote, ulianza kuwa dawa ya fujo za wakubwa.

Mshairi Chrétien de Troyes, katika nusu ya pili ya karne ya 12, ndiye aliyewatia mashujaa hao nafsi yenye kuhojiwa. Yvain wake alimwahidi mkewe kurejea baada ya mwaka mmoja, akapumbazwa na mashindano ya silaha na sifa zake hata akaisahau siku, na aibu ya kuvunja ahadi ikamharibu akili, akakimbilia mwituni akiishi kama mnyama. Perceval, kijana aliyelelewa mbali na watu, alifundishwa na mzee Gornemant kuwa adui aombaye amani asiuawe, kuwa wanawake wenye dhiki wasaidiwe, na kuwa mtu asiwe mwingi wa maneno. Akayashika mafundisho hayo kama alivyoyapokea. Alipokaribishwa katika ngome ya mfalme mgonjwa, akaona mkuki utokao damu ukipitishwa mbele yake na ile Graili, chombo kitakatifu, pamoja nao, alinyamaza kwa adabu asiulize chochote, na baadaye akaambiwa ya kuwa lau angaliuliza, mfalme yule angalipona. Mtunzi aliongeza kuwa ulimi wake ulifungwa na dhambi aliyomtendea mama yake, ambaye alimwona ameanguka mlangoni asirudi kwake. Sijui kisa katika hadithi hizi kinachoeleza vizuri zaidi upungufu wa adabu ya kukariri: kijana alitii kila neno, na utii wake ukamnyima mgonjwa shifaa.

Karne ya 13 ilileta hadithi ndefu za nathari. Humo Bibi wa Ziwani, mlezi wa Lancelot, alimweleza mwanawe wa kulea kuwa shujaa hana budi kuwa na mioyo miwili, mmoja mgumu mfano wa almasi kwa wadhalimu, na mmoja laini mfano wa nta kwa watu wema, na kuwa ngao yake ni alama ya kulilinda Kanisa. Punde kidogo, kadiri ya mwaka 1225, kilitungwa kitabu cha kuitafuta Graili, kilichojaa fikira za watawa wa Citeaux, na hapo mizani yote ikageuzwa. Lancelot, aliyekuwa bora wa wote, alizuiliwa kwa sababu ya penzi lake kwa malkia, mke wa Arthur. Gawain alitangatanga bila ya kupata lolote la heri, akamwua mwenziwe wa meza moja bila ya kumtambua. Aliyefaulu kwa ukamilifu ni Galahad, mwana wa Lancelot, ambaye hakumjua mwanamke maishani mwake. Kitabu hicho kilikuwa na ujasiri wa kusema kuwa umahiri wa kuua si fadhila mbele ya Mungu, na kwa hilo nakiheshimu. Illa kilihamisha swali pia. Shujaa alikuwa akiulizwa amemtendea nini aliye dhaifu. Sasa aliulizwa ana usafi gani yeye mwenyewe, na yule dhaifu akabaki kando ya njia akingoja.

Mtu aliyemrudisha dhaifu katikati ya hadithi ni Thomas Malory, ambaye alikimaliza kitabu chake mwaka 1469 au 1470, akiwa mfungwa kwa ushahidi wa maneno yake mwenyewe, na kikapigwa chapa na Caxton mwaka 1485. Aliyakusanya ya Wafaransa na ya Waingereza, lakini kiapo cha Meza ya Mviringo, kinachoapwa na mashujaa wote kila mwaka siku ya Pentekoste, hakukitoa katika kitabu cha Kifaransa alichokifuata mahali hapo. Alikitia mwenyewe, na mahali alipokitia pastahili kutazamwa sana.

Siku ya arusi ya Arthur, mashujaa watatu walitumwa safari tatu. Gawain alimshinda shujaa mmoja aliyewaua mbwa wake wa kuwindia; aliyeshindwa akaomba amani, Gawain akamkatalia, akainua upanga, na bibi wa yule mtu akajitupa juu yake, upanga ukamkata bibi shingo. Gaheris, ndugu yake mdogo, alimlaumu papo hapo. Gawain alirudi kwa mfalme akiwa amefungiwa kichwa cha marehemu shingoni pake na kiwiliwili kikiwa mbele yake juu ya farasi, na hukumu yake, kwa amri ya malkia, ilikatwa na baraza la wanawake: maisha yake yote asimame upande wa wanawake, wala asimnyime amani aiombaye. Pellinore, wa pili, alipita kisimani akamwona mwanamwali amempakata shujaa aliyejeruhiwa, na mwanamwali huyo akamlilia amsaidie, lakini kwa haraka ya safari yake hakusimama. Aliporudi alikuta mwanamwali amejiua kwa upanga na wanyama wameula mwili wake, kikabaki kichwa. Kisha Merlin, mchawi wa mfalme, akamjulisha kuwa alikuwa binti yake mwenyewe. Wa tatu, Tor, alikutana na mtu mwovu aliyeomba amani baada ya muda wake kupita, naye alimwua kwa madai ya msichana ambaye nduguye aliuawa na mtu yule.

Ndipo kiapo kikaja. Mashujaa wasifanye jeuri wala kuua kwa dhuluma. Wajiepushe na hiana. Wampe amani aiombaye. Wawasaidie mabibi, wanawali na wajane, wala wasiwatende kwa nguvu. Wasipigane kwa ajili ya madai yasiyo haki, hata kwa kupenda mtu au kutamani mali. Mwenye kuyasoma maneno hayo baada ya zile safari tatu husikia nyuma yake sauti ya bibi aliyekatwa shingo na ya binti aliyelia kisimani.

Lakini kiapo kina mpaka, na Malory, sijui kama kwa kukusudia, ametuachia ushahidi wake. Tor alilelewa kwa mchunga ng'ombe, na mamake alisimulia mbele ya mfalme kuwa alipokuwa msichana akienda kukamua maziwa, shujaa mmoja alimkuta akamchukulia ubikira wake nusu kwa nguvu. Merlin alimtaja shujaa huyo: Pellinore. Hapakuwa na baraza la wanawake la kumhukumu. Tor alisifiwa kwa nasaba ya babaye, wote wakafurahi, na mkamua maziwa akarudi kwake. Wanawake waliotajwa katika kiapo ni wa watu wenye vyeo.

Mpaka wa pili ulionekana mwishoni. Lancelot, akimwokoa malkia asichomwe moto kwa ajili ya penzi lao, aliwaua ghasiani Gareth na yule Gaheris, ndugu za Gawain, ambao hawakuwa na silaha. Na Gareth alipewa ushujaa na Lancelot mwenyewe, akampenda kuliko watu wote. Kiapo hakikuwa na neno juu ya kisasi cha damu, na Gawain, aliyelaumiwa ujanani kwa kunyima amani, aliinyima tena, mpaka ufalme ukavunjika.

Mwaka 1958 T. H. White, Mwingereza aliyeishi Ireland katika miaka ya Vita Vikuu vya Pili, alitoa kitabu kizima juu ya mabadiliko ya sharia hii. Arthur wake, kijana, anatambua kuwa vita vya wakubwa waliojifunika deraya ni mchezo, ilhali wafao ni makabwela wa miguu. Basi katika vita vya Bedegraine anawaacha makabwela na kuwashambulia masharifu wenyewe. Hapo, kwa mara ya kwanza kwa uwazi huo, jamaa za mkamua maziwa wanahesabiwa. Kisha anaiunda Meza ili nguvu iitumikie haki badala ya kujifanya haki. Madhalimu wanapokwisha, mashujaa wanageukia ushindani wa sifa. Anawapeleka kwenye Graili, na walio bora wanapotea huko au wanarudi wakiwa wakamilifu mno kuishi na watu. Mwisho anaweka sharia za mahakama, zenye kumshika mkubwa na mdogo sawasawa, hata mfalme na mkewe. Mordred, adui yake wa nyumbani, ndiye aliyeishika sharia hiyo na kumdai mfalme aitimize juu ya malkia, na Arthur, aliyeitunga, hakuwa na neno la kumkatalia.