Spana Moja kwa Nati Nyingi

Katika nyumba nyingi za Mombasa, mfereji ukianza kuvuja, chombo cha kwanza kushikwa ni kisu cha jikoni, na cha pili ni koleo. Kisu hakifai hata kidogo. Koleo ni chombo chema cha kushikia waya na misumari, bali likibanwa juu ya nati huteleza na kuzila pembe zake, na nati iliyoliwa pembe haifunguki tena ila kwa tindo na nyundo. Makala haya yaeleza habari za chombo kingine ambacho mtu asiye fundi aweza kujifunza kukitumia kwa asubuhi moja, nacho ni ile spana ambayo kinywa chake hupanuka na kusinyaa.

Mafundi wa mjini huiita spana malaya, kwa sababu haina nati iliyo yake peke yake, bali huenda na nati yoyote. Jina hilo si la adabu, na wako wazee wasiopenda kulitamka mbele ya watoto. Lakini mwenye duka la vyuma hulifahamu mara moja, na anayekwenda kununua hana budi kulijua. Sisi hapa tutaiita spana ya kupanuka.

Spana hiyo ina taya mbili. Taya moja imefuliwa pamoja na mpini, ni chuma kimoja, wala haisogei. Taya ya pili hutembea katika njia yake iliyochongwa, nayo huendeshwa na kigurudumu kidogo chenye hesi, kizungushwacho kwa kidole gumba. Wazo lenyewe ni la zamani, maana Uingereza spana za namna hii zilitengenezwa tangu miaka ya 1840. Umbo tulijualo leo lilienezwa na fundi mmoja wa Sweden, Johan Petter Johansson wa mji wa Enköping, ambaye alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake mwanzoni mwa miaka ya 1890. Husimuliwa kwamba alichoka kubeba mzigo wa spana kila alipokwenda kutengeneza mashine za watu, kwa kuwa siku hizo kila karakana ilikata nati kwa kipimo ilichopenda.

Taabu hiyo ya Johansson haijaisha Mombasa. Reli ilipoanza kujengwa hapa mwaka 1896, na baadaye bandari ya Kilindini ilipopanuliwa, mashine, mabomba na bolti vililetwa kwa meli kutoka Uingereza, na vipimo vyake vilikuwa vya inchi, kwa kufuata utaratibu uliopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya utaratibu mwingine wa hesi, nao pia ulikuwa wa inchi, lakini haukulingana na ule wa kwanza. Kisha, katika miaka iliyofuata uhuru, Kenya iliingia katika vipimo vya mita, na vyombo vipya vikaja na nati za milimita. Nyumba za Mji wa Kale hazikubomolewa kwa sababu hiyo. Katika nyumba moja ya Kibokoni au ya Ndia Kuu huenda ukakuta pampu ya milimita imefungwa katika bomba la inchi, na bomba hilo limeshikwa ukutani kwa bolti ambayo hata fundi mzee hawezi kusema ilitoka katika utaratibu gani.

Tofauti za vipimo hivyo ni ndogo, na udogo wake ndio unaoleta hasara. Nati ya inchi 9/16 ina upana wa milimita 14.3 hivi. Spana ya milimita 14 haiingii. Ile ya milimita 15 huingia, lakini hucheza, na ikivutwa kwa nguvu huteleza na kula pembe. Mtu akitaka kuwa na spana kamili kwa kila nati ya nyumbani mwake, itampasa anunue seti mbili au tatu, na nyingi katika hizo atazitumia mara moja tu katika miaka kumi. Spana ya kupanuka huitosha nati ya inchi na nati ya milimita sawasawa, maana haiulizi kipimo.

Mwenye nyumba wa Mombasa ana sababu nyingine ya kutolipuuza jambo hili, nayo ni maji. Maji ya mji huu hutoka mbali. Mengine hutoka Marere katika milima ya Shimba, mengine Baricho karibu na mto Sabaki, na mengine husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima katika mbuga ya Tsavo, ambazo bomba lake lilifika Mombasa katika miaka ya 1950. Hata hivyo hayatoshi. Mitaa mingi hupata maji kwa zamu, na zamu ikipita watu hununua kutoka kwa wenye mikokoteni, kwa mitungi ya lita 20. Sasa tufanye hesabu ndogo. Matone 20 hivi hujaza mililita moja. Mfereji udondokao tone moja kila sekunde hupoteza lita nne na zaidi kwa siku, yaani mtungi mzima kwa muda usiotimia siku tano. Maji hayo hulipiwa, nayo huishia katika shimo la uchafu.

Mara nyingi ugonjwa wa mfereji udondokao ni washa, kile kipande kidogo cha mpira kilicho ndani yake, ambacho bei yake ni ya kitu kidogo sana dukani. Kwanza funga maji kwenye valvu kubwa, au kwenye tangi la juu ikiwa nyumba ina tangi. Fungua mfereji mpaka maji yaliyobaki yatoke. Kisha weka spana juu ya nati kubwa iliyo shingoni mwa mfereji, uizungushe kinyume cha mwendo wa saa, utoe kichwa chote, uondoe washa iliyochakaa na kuweka mpya yenye ukubwa ule ule.

Kazi hiyo ni nyepesi, ila kuna hatari moja ambayo yafaa tuieleze kwa urefu, maana imewagharimu watu wengi wa Mji wa Kale. Kuta za nyumba za huko ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hushika unyevu, na hushika chumvi. Bomba la chuma lililopitishwa ndani ya ukuta wa namna hiyo huliwa na kutu kwa nje na kwa ndani, nalo hudhoofika zaidi penye hesi, kwa sababu hapo chuma kimekwisha kupunguzwa unene. Nati ya mfereji nayo imegandamana kwa miaka. Mtu aivutapo kwa spana moja tu, nguvu ya mkono wake haiishii kwenye nati, bali hupita katika mfereji na kuingia katika bomba. Bomba hujipinda, na mara hukatika ndani ya ukuta mahali pasipoonekana. Kazi iliyokuwa ya washa moja hugeuka kuwa kazi ya kuchimba ukuta, na katika mitaa ile yenye nyumba zilizoshikana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa jirani yake.

Kwa hiyo tumia spana mbili. Ya kwanza ishike mwili wa mfereji, karibu na ukuta, usisogee hata kidogo. Ya pili ifungue nati. Mikono miwili ikivutana hivyo, nguvu huishia hapo hapo kati ya spana na spana, na bomba hubaki na amani yake. Mwili wa mfereji ukiwa wa shaba, uviringe kwanza kwa kitambaa kizito ili taya zisiukwaruze. Nati ikikataa, usiongeze nguvu, wala usichomeke bomba refu kwenye mpini wa spana ili kuurefusha. Tia matone machache ya mafuta mepesi, iache usiku kucha, na asubuhi ujaribu tena.

Jambo la pili ni namna ya kuielekeza spana yenyewe, na hapa hata baadhi ya watu waliozoea vyombo hukosea. Tumekwisha sema kwamba taya moja ni chuma kimoja na mpini, na ya pili hutembea. Ile isiyosogea ndiyo yenye nguvu. Itembeayo hushikwa na meno machache ya kigurudumu tu, na ikibebeshwa mzigo mkubwa hurudi nyuma kidogo, kinywa hupanuka, na spana huteleza. Kanuni ni hii: mpini uvutwe kuelekea upande wa taya itembeayo. Ukifanya hivyo, mzigo mkubwa huangukia taya isiyosogea. Ukiona unavuta upande mwingine, itoe spana, uigeuze, uiweke upya. Tena kaza kigurudumu mpaka taya zibane nati bila nafasi yoyote, na kila baada ya mizunguko michache ukaze tena, kwa kuwa hulegea chenyewe kazi ikiendelea. Ikiwezekana vuta kuelekea kwako badala ya kusukuma, maana nati ikiachia ghafula, mkono unaosukuma huishia ukutani, na mawe ya matumbawe hayana huruma na ngozi ya vidole.

Mafundi wengine huidharau spana ya kupanuka, na kwa kiasi fulani wana haki. Nati iliyokazwa sana, kama za injini au za magurudumu ya gari, yataka spana ya kipimo chake kamili, iishikayo pande zote. Nati za plastiki, zilizojaa katika matangi na mabomba ya siku hizi, hazitaki spana mpaka zimekazwa kwa mkono, na baada ya hapo robo ya mzunguko yatosha. Zaidi ya hapo hupasuka. Bomba la mviringo lisilo na pembe halishikiki kwa taya laini, bali lahitaji spana ya mabomba, ile yenye meno. Na valvu ya mtungi wa gesi isiguswe kwa spana kamwe. Ikivuja, toa mtungi nje, uweke mbali na moto, ukamwite aliyekuuzia.

Ukivuka kivuko cha Likoni, au ukipita daraja la Nyali kwenda Kilifi, utaona kwamba mahitaji ya shamba hayako mbali na ya nyumba. Boya la birika la kunyweshea ng'ombe, jembe la kukokotwa, pampu ya dizeli, gurudumu la mkokoteni, vyote vina nati, na mara nyingi duka lililo karibu liko saa mbili au tatu kwa miguu. Katika ranchi za Taita umbali huo huongezeka. Mchungaji mwenye spana moja ya inchi 10 mkobani ana msaada kuliko mwenye sanduku zima la spana alilolisahau nyumbani.

Kwale hata hivyo imetoa fundisho la namna yake. Katika miaka ya 1980, kwenye vijiji vya pwani ya kusini, ilijaribiwa na kutengenezwa upya pampu ya mkono ambayo sasa hujulikana Afrika nzima kwa jina la Afridev, baada ya kazi iliyoanzia Malawi. Waliofanya kazi hiyo waliona kwamba pampu nyingi za visima hufa kwa kukosa mtu mwenye vyombo, wala si kwa kukosa maji. Basi wakaitengeneza hivi kwamba spana moja yatosha kuifungua, ili wanakijiji wenyewe, na wanawake hasa, waweze kuitoa, kubadili mipira yake na kuirudisha bila kumngoja fundi kutoka mjini. Huo ni werevu mkubwa, nasi twatamani wauzao pampu za umeme wangeuiga. Mpaka hapo watakapofanya hivyo, nati zitaendelea kuwa za kila ukubwa.

Hewa ya kisiwa hiki huharibu chuma upesi, hasa wakati wa kusi, unyevu unapozidi. Spana iliyoachwa karibu na dirisha lielekealo bahari huweza kushika kutu kwenye kigurudumu hata kisizunguke. Baada ya kazi ifute, tia tone la mafuta ya cherehani penye hesi, uzungushe mbele na nyuma mara kadhaa. Mafuta ya nazi hayafai kwa kazi hii, kwa maana hukaa yakaganda na kukusanya vumbi. Iviringe katika kitambaa kikavu.

Kwa nyumba ya kawaida spana mbili zatosha, moja ya inchi 8 na moja ya inchi 12. Hesabu hiyo ni ya urefu wa spana nzima, wala si ya kinywa. Ile ya inchi 8 hupanuka kama milimita 25 tu. Dukani usitazame mng'aro. Fungua taya nusu, shika ile itembeayo kwa vidole viwili, uitikise. Mchezo mdogo ni lazima uwepo, ama sivyo isingetembea. Bali ikiyumba huku na huku, iweke mezani uombe nyingine.