Njia Iliyotundikwa Juu ya Mto

Mtu wa Masisi hana haja ya kuelezwa taabu ya njia. Anaijua tangu utoto wake. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, lori litokalo Sake hukwama matopeni, na akina mama hushuka, hujitwika vikapu vyao, kamba kwenye paji la uso, wakaupanda mlima kwa miguu. Mtu wa Walikale naye ana habari zake: msitu mnene, mito ya Oso na Lowa inayofurika, na yale madaraja ya kamba za mwituni ambayo wazee waliyasuka kutoka mti wa ng'ambo hii hadi mti wa ng'ambo ile. Mtu huyavuka polepole, roho i mkononi.

Basi, wasomaji wapenzi, leo tunawasimulia habari za mji mmoja wa Ulaya uliobanwa na milima na mto kama sisi. Mji huo ulifanya jambo lililo karibu sana na lile la wazee wetu wa msituni: uliitundika njia yake juu ya maji.

Bonde jembamba

Mji huo ni Wuppertal, katika Ujerumani ya magharibi, si mbali na Köln. Maana ya jina lake ni bonde la mto Wupper. Zamani palikuwa na miji miwili mikubwa iliyopangana kando ya mto, Barmen na Elberfeld. Iliunganishwa pamoja na majirani zake kuwa mji mmoja mwaka 1929. Katika karne ya 19 bonde lile lilijaa viwanda vya kufuma nguo na kuzitia rangi. Watu walimiminika kutoka mashambani kutafuta kazi, nyumba zikabanana, barabara zikasongwa. Huku mlima, huku mlima, na chini ya ardhi ni mwamba na maji, hata kuchimba njia ya chini kungekuwa kazi ngumu mno. Nafasi tupu iliyobaki ilikuwa moja tu, yaani hewa iliyo juu ya mto.

Bwana Eugen Langen, mhandisi wa Köln, ndiye aliyetoa shauri la kutundika magari. Yeye alifariki mwaka 1895, na ujenzi ulianza mwaka 1898. Hakuona hata mguu mmoja wa chuma ukisimamishwa. Wengine waliipokea kazi yake na kuimaliza. Tarehe 1 Machi 1901 njia ilifunguliwa kwa abiria, na mwaka 1903 ilikuwa imekamilika yote.

Gari lashikwa na nini?

Msomaji atauliza: Gari hilo lashikwa na nini lisianguke? Jibu si gumu. Miguu ya chuma imesimamishwa, mmoja ukingo huu na mwingine ukingo ule, kama mtu aliyetanua miguu yake juu ya mfereji. Juu ya miguu hiyo imelazwa boriti ndefu ya chuma, na kila upande wa boriti una reli moja: upande mmoja kwa magari yaendayo, upande wa pili kwa magari yarudiyo. Magurudumu hayako chini ya gari, bali juu ya paa lake, nayo huikanyaga reli hiyo. Gari lenyewe huning'inia chini yake kwa mikono ya chuma, kama kikapu kilichotundikwa darini. Umeme ndio unaoyazungusha magurudumu. Katika kona gari huinama kidogo upande, kisha hurudi wima lenyewe, maana uzito wake wote uko chini ya reli.

Njia yote ina urefu wa kilometa 13.3 na vituo 20. Kilometa 10 hivi zaufuata mto, kwa kimo cha meta 12 hivi juu ya maji. Zilizobaki zapita juu ya barabara ya mji. Safari kutoka mwisho huu hadi mwisho ule huchukua nusu saa tu. Kila siku maelfu ya watu huipanda: wafanyakazi, wanafunzi, akina mama waendao sokoni.

Watoto wa shule watapenda kusikia kwamba hata tembo aliipanda. Tarehe 21 Julai 1950 mwenye sarakasi mmoja alimpandisha mtoto wa tembo aitwaye Tuffi, ili mchezo wake upate sifa mjini. Gari lilipoanza kwenda, tembo aliingiwa na hofu, akavunja ubavu wa gari, akaruka mtoni. Kwa bahati njema alipata michubuko tu. Gari la watu si la tembo!

Vita, na kitu kidogo kilichosahauliwa

Lakini si habari zote za njia hiyo ni za kuchekesha. Mwaka 1943 mji ulipigwa mabomu usiku, watu maelfu wakafa, na njia ikaharibika vibaya. Vita vilikwisha mwaka 1945; mwaka 1946 magari yalikuwa yakipita tena toka mwanzo hadi mwisho. Sisi wa Kivu, ambao wengi wetu tumekimbia vijiji vyetu zaidi ya mara moja na kurudi tukakuta majivu, twaweza kupima uzito wa jambo hilo.

Habari nyingine ni ya tarehe 12 Aprili 1999. Kwa karibu miaka 100 hakuna abiria aliyewahi kuuawa kwa ajali katika njia ile. Usiku ule mafundi walikuwa wakitengeneza sehemu ya boriti. Walipomaliza waliondoka, lakini kibano kimoja cha chuma kilisahauliwa juu ya reli. Alfajiri gari la kwanza lilikuja, likakigonga, likaanguka mtoni. Watu 5 walikufa, na 47 walijeruhiwa. Chuma kile hakikuvunjika kwa uzee, wala mto haukufurika. Kazi ilifanyika usiku kucha, ikabaki dakika moja ya kutazama nyuma, na dakika hiyo haikutazamwa.

Jiwe na mtu

Njia za angani zimewahi kujengwa pia katika Afrika yetu. Katika milima ya Usambara, nchini Tanzania, Wajerumani walifunga kamba za chuma kabla ya vita vya 1914, kutoka msitu wa Shume kushuka hadi Mkumbara penye reli. Lakini njia ile ilikuwa ya kuteremsha mbao. Na huku kwetu Walikale, baada ya madini kuonekana Bisie mwaka 2002, vijana walibeba magunia ya kasiterite, kilo 50 mgongoni, mwendo wa siku mbili msituni. Huko Kilambo ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami, zikayachukua magunia hadi Goma. Jiwe lilisafiri angani; kijana aliyelibeba alirudi kwa miguu.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Wuppertal hewa ilitumiwa kumbeba mtu, hata mfumaji aliye maskini. Mungu hakumwumba mtu kwa ajili ya mzigo.

Neno hili lilieleweka vizuri katika mji huo huo zamani, kabla ya kuwako njia ya kutundikwa. Mwaka 1845 kijana aliyekuwa fundi viatu, Adolph Kolping, alipewa upadri, akatumwa Elberfeld kuwa padri msaidizi. Masomo ya kumfikisha upadri aliyaanza akiwa na umri wa miaka 23. Wanafunzi wanaoona haya kuketi darasani na wadogo wao na walikumbuke hilo. Huko aliwakuta vijana wa kazi wasio na makao wala mtu wa kuwatunza. Mwalimu mmoja, Johann Gregor Breuer, alikuwa ameanzisha chama chao mwaka 1846. Padri Kolping aliwekwa kukiongoza mwaka 1847, kisha akakieneza nchi nyingine. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 27 Oktoba 1991, na leo vyama vya Kolping viko Uganda, Kenya na Tanzania. Ndugu zetu Waprotestanti wa CBCA, wenye makao makuu Goma, nao wana udugu na mji huo, kwa kuwa ushirika wao wa kimisioni una ofisi yake kuu Wuppertal.

Je, twatamani gari la kutundikwa kutoka Sake hadi Masisi? Gharama yake ni kubwa mno, na kwanza twahitaji amani, na barabara ipitikayo masika. Lakini yako mambo ambayo hayangoji fedha za serikali. Jumamosi ya salongo, watu wanapotengeneza daraja la kijiji, mzee mmoja na abaki nyuma wenzake wakiisha kuondoka. Na apite juu yake polepole, akikanyaga kila ubao na kuvuta kila kamba. Ikiwa iko iliyooza, na awaite warudi, hata kama jua limekuchwa na watu wamechoka. Kesho asubuhi watakaotangulia kuvuka ni watoto waendao shuleni.