Maumivu ya Bega kwa Wachezaji wa Mpira wa Wavu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Tiba

Mpira wa wavu ni mchezo usiohitaji gharama kubwa. Wavu, mpira na kipande cha mchanga vinatosha, na pwani ya Bagamoyo, kuanzia mjini hadi Kaole, haikosi mchanga. Gharama huanza bega linapouma. Hapo mchezaji, au mzazi wake, hujikuta akinunua mafuta ya kuchua, vidonge, sindano na mikanda ya kunyoosha mabega, kimoja baada ya kingine, bila kujua kipi kinatibu nini. Makala haya yanaeleza chanzo cha maumivu hayo na maswali ambayo mlaji anapaswa kuyauliza kabla ya kutoa fedha yake.

Bega linavyofanya kazi

Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kwenye ukingo wa kombe la bega, mfano wa chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Muundo huo huuwezesha mkono kuzunguka pande zote, lakini mifupa peke yake haiwezi kulishikilia bega. Kazi hiyo hufanywa na misuli minne midogo inayokizunguka kichwa cha mfupa, ikisaidiwa na misuli ya mgongoni inayoliongoza kombe la bega. Mchezaji anaposhambulia juu ya wavu, misuli mikubwa ya kifua huurusha mkono mbele kwa kasi, na ile midogo ya nyuma hulazimika kuufungia breki. Misuli hiyo ikichoka au ikiwa dhaifu, kano huelemewa, na maumivu huanza, hasa mkono unapoinuliwa.

Katika mchezo wa ufukweni kila upande una wachezaji wawili tu badala ya sita, hivyo kila mmoja huanzisha, hupokea na kushambulia. Kijana aliyevuta nyavu za samaki asubuhi huingia uwanjani jioni na bega ambalo limekwisha kufanya kazi ya siku nzima. Mzigo huo wote huhesabiwa pamoja.

Bega lililoshuka si lazima liwe bega linaloumwa

Bega la mkono wa kupigia mara nyingi huwa chini kidogo, tena mbele kidogo, kuliko bega la pili. Wachezaji wengi wenye mkao huo hawana maumivu yoyote. Kwa hiyo mlaji asikubali kwamba umbo la bega peke yake ni ugonjwa unaohitaji kununuliwa kifaa. Mkanda wa mabega huyavuta nyuma wakati umevaliwa, lakini hauiongezei misuli nguvu, na nguvu ya misuli ndiyo inayopungua.

Ipo dalili moja ya umbo isiyofaa kupuuzwa: kishimo kinachojitokeza nyuma ya kombe la bega la mkono wa kupigia. Kwa wachezaji wa mpira wa wavu, neva inayouhudumia msuli wa mahali hapo huweza kubanwa au kuvutwa, na msuli ukasinyaa taratibu, wakati mwingine bila maumivu yoyote. Mwenye dalili hiyo amwone daktari.

Hatua zisizo na gharama kubwa

Kwanza, punguza mapigo ya juu ya wavu kwa wiki mbili hivi, ila usiuache mkono bila kazi kabisa. Endelea kupokea mpira na kukimbia. Kisha ongeza mapigo kidogo kidogo.

Pili, imarisha misuli. Funga tyubu kuukuu ya baiskeli kwenye nguzo, usawa wa kiwiko. Simama ubavu, mkono unaouma ukiwa upande ulio mbali na nguzo. Kunja kiwiko, kibane mbavuni, kisha vuta tyubu kuelekea nje polepole na kuirudisha polepole. Rudia mara 15, pumzika, ufanye tena, siku tatu kwa wiki. Baadaye geukia nguzo, shika ncha zote mbili, uvute viwiko nyuma ili makombe ya mabega yasogeleane. Maumivu madogo yanayotulia mapema si hatari. Yakizidi hadi kesho yake, punguza. Misuli huhitaji wiki 6 hadi 12 ili kupata nguvu, na hakuna bidhaa inayofupisha muda huo.

Tatu, kagua vifaa. Mpira rasmi una uzito wa gramu 260 hadi 280, na ule wa ufukweni hujazwa upepo mdogo kuliko wa ukumbini. Mpira hafifu unaonyonya maji huwa mzito. Wavu wa wanaume watu wazima una urefu wa mita 2.43 kutoka chini, na wa wanawake mita 2.24, watoto wawekewe wa chini zaidi.

Kabla ya kununua dawa

Mafuta ya kuchua hutuliza kwa muda, wala hayarejeshi nguvu. Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni vinaweza kudhuru tumbo na figo, hususan kwa mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ujauzito. Visimezwe ili tu mchezaji aweze kucheza, kwa kuwa maumivu ni onyo. Usikubali sindano ya bega bila kuchunguzwa na daktari na kuelezwa ni dawa gani.

Nunua katika famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali. Soma jina la dawa na tarehe ya kuisha muda wake, na udai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Bidhaa ikitangazwa kuponya kila maumivu, hifadhi risiti na tangazo, kisha toa taarifa kwa Tume ya Ushindani. Dawa au kifaa tiba unachokitilia shaka, toa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Wakati wa kwenda hospitali

Nenda bila kuchelewa iwapo bega limebadilika umbo baada ya kuanguka, mkono hauinuki, vidole vina ganzi, au pana uvimbe na homa. Maumivu ya bega yanayoambatana na kubanwa kifua au kukosa pumzi ni dharura. Maumivu ya kawaida yasiyopungua baada ya wiki sita za mazoezi nayo yanahitaji uchunguzi. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, na uulize kama unaweza kupewa rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Ada ya kumwona mtaalamu mara moja na kufundishwa mazoezi sahihi huweza kumwepusha mlaji na manunuzi ya miezi mingi yasiyomsaidia.